Shajara ya mradi: nukta ya "k.m." na alama nyingine za kuzimwa

Jumatatu

Mradi ni kitafutio cha maandishi ya Kiswahili. Mtu anaandika neno, programu inamletea kila sentensi yenye neno hilo, neno lenyewe likiwa katikati na muktadha wake kushoto na kulia. Wanaokitumia ni watunzi wa kamusi, wafasiri na walimu. Upande wa seva umeandikwa kwa Python, ukurasa anaouona mtumiaji kwa JavaScript. Wiki hii nashughulikia jambo moja tu: alama ambazo rejeksi (lugha ya alama ya kueleza ruwaza, yaani umbo la maandishi yanayotafutwa) huzipa maana yake yenyewe, na namna ya kuzizima maana hiyo.

Kilichoanzisha kazi ni ujumbe wa mwalimu wa isimu anayekitumia kitafutio hiki kuliko mtu yeyote.

"Kijana wangu, nimetafuta k.m. nikaletewa kama, kumi na kimya. Mbona?"

"Shikamoo Mwalimu. Ni nukta hizo. Naanza kuzishughulikia leo."

"Marahaba. Basi angalia na K.K., maana nimeletewa kuku na kaka."

Toleo lililopo linachukua alichoandika mtumiaji na kukipeleka moja kwa moja kwenye injini ya rejeksi. Huko ndani nukta haisomwi kama nukta, inasomwa kama "herufi yoyote moja". Kwa hiyo `k.m.` ni k, kisha chochote, kisha m, kisha chochote, na "kama" inaingia humo bila shida. Kwa Kiswahili balaa hili ni kubwa kuliko linavyoweza kuonekana kwa mtu wa lugha nyingine, kwa sababu vifupisho vyetu vya kila siku vimejaa nukta na silabi zetu nyingi ni konsonanti moja na irabu moja. `n.k.` inanasa "anakuja", "anakula", "ninakumbuka": kila kitenzi cha wakati uliopo kinachoanza na k baada ya -na-. `B.K.` inanasa "bakuli". Lakini `S.L.P.` inaleta zaidi anwani za posta, kwa kuwa maneno ya Kiswahili yenye s, l na p zilizopangwa hivyo, kama "silipi" na "asilipe", ni machache, na ndiyo maana waliokuwa wakitafuta anwani hawakuwahi kulalamika.

Nimepitia maswali yaliyohifadhiwa kwenye seva nikakuta kwamba nukta ni mojawapo tu. Mtu aliyetafuta `nani?` ameletewa mananasi, kwa sababu alama ya kuuliza inaifanya ile i ya mwisho iwe ya hiari, na "nan" imo ndani ya "nanasi". Aliyetafuta `(taz.` kama ilivyo kwenye kamusi ameangukia kosa la "missing ), unterminated subpattern". Na wanaisimu wa Kibantu, ambao huweka kinyota mbele ya mizizi ya lugha mama iliyoundwa upya, wakiandika `*-ntu` wanajibiwa "nothing to repeat at position 0". Kwa injini kinyota kina maana ya kurudia kilichotangulia, na hapo hakijatangulia kitu.

Makosa yanayopiga kelele hayanitii hofu, maana mtumiaji anayaona na kuuliza. Ninayoyahofia ni yale ya "kuku" kwa "K.K.", pale jibu linapokuja limevaa vizuri na idadi ya matokeo juu yake, kisha mtu akaichukua idadi hiyo akaiweka kwenye utafiti wake.

Jumanne

Hatua ya kwanza ni rahisi kuandika. Python ina fanksheni ya `re.escape`, inayochukua stringi, yaani mfuatano wa herufi, na kuweka mkwaju wa nyuma, yaani `\`, mbele ya kila alama yenye maana maalumu. `k.m.` inakuwa `k\.m\.`, na nukta iliyotanguliwa na mkwaju huo ni nukta tu.

Alama hii ya `\` ina historia yake. Bob Bemer ndiye aliyeipigania mwaka 1961 iingie katika seti ya herufi iliyokuja kuwa ASCII, na haja ilikuwa kuandika alama za mantiki za lugha ya ALGOL: `/\` kwa "na", `\/` kwa "au". Kazi ya kuzima maana ilikuja baadaye. Ken Thompson alichapisha njia yake ya kutafuta kwa rejeksi mwaka 1968, na kutoka kwenye vihariri vyake tukapata kihariri cha `ed`, kisha `grep`, amri ya kutafuta maandishi ndani ya faili. Tangu huko kila chombo kimeamua chenyewe ni alama gani ina maana ikiwa peke yake na ipi inaipata ikitanguliwa na mkwaju. Katika `grep` ya kawaida mabano `(` ni mabano tu, na `\(` ndiyo inayofungua kundi, katika `grep -E` mambo yamegeuzwa. Hapo mkwaju unawasha kwa mmoja na kuzima kwa mwingine. Nimeliandika hili juu kabisa ya nyaraka za mradi, kwa kuwa mara tatu wiki hii limeeleza tatizo kabla sijafungua msimbo: hakuna stringi "iliyozimwa" kwa ujumla, ipo iliyozimwa kwa ajili ya injini fulani.

Nimeweka `re.escape`, nikaendesha majaribio, na "kama" imetoweka kwenye matokeo ya `k.m.`. Imetoweka pamoja na karibu kila kitu kingine. Yamebaki matokeo machache ya ajabu, yote ya mahali ambapo mwandishi alisahau nafasi: "k.m.samaki", "k.m.mwaka jana".

Jumanne, usiku

Chanzo ni `\b`. Kitafutio kina chaguo la "neno zima", na chaguo hilo huzungushia neno alama ya mpaka: `\bk\.m\.\b`. Mpaka wa neno kwa rejeksi ni mahali ambapo upande mmoja kuna herufi ya neno, yaani herufi, tarakimu au kistari cha chini, na upande wa pili hakuna. Baada ya nukta ya mwisho ya "k.m." inakuja nafasi. Nukta si herufi ya neno, nafasi nayo si herufi ya neno, basi hapo hakuna mpaka, na ruwaza inashindwa. Inafaulu pale tu nukta inapogusana na herufi, yaani pale palipochapwa vibaya.

Hitilafu hii ilikuwepo siku zote. Ilifichwa na ile ya kwanza, kwa sababu nukta isiyozimwa ilikuwa inameza irabu na kumalizia kwenye herufi halali.

Suluhisho ni kuacha kuuliza "je, hapa pana mpaka?" na kuuliza swali tunalolitaka hasa: "je, kabla na baada hakuna herufi ya neno?" Yaani `(?<!\w)` mbele na `(?!\w)` nyuma. Sasa `k.m.` inapatikana mwishoni mwa mstari, kabla ya mabano, kabla ya mkato, na `*-ntu` nayo inapatikana ingawa inaanza na alama.

Jumatano

Leo ni siku ya ritifaa. Ng'ombe, ng'ambo, kung'oa, ung'eng'e: ritifaa kwa Kiswahili ni sehemu ya herufi, si pambo la uchapaji. Lakini kwenye maandishi tuliyokusanya imeandikwa kwa namna nyingi. Ipo iliyonyooka ya kibodi `'`, ipo iliyopinda ambayo vichakata maneno huiweka vyenyewe `’`, ipo iliyopinda upande wa pili `‘`, na mara chache ipo `ʼ`, ambayo Unicode, kiwango cha kuorodhesha herufi za lugha zote, huihesabu kuwa herufi. Anayetafuta "ng'ombe" anataka zote.

Jaribio langu la kwanza lilifanya hivi: zima stringi yote kwa `re.escape`, kisha badilisha kila `'` iwe mabano mraba yenye ritifaa zote. Kwenye kompyuta yangu inafanya kazi. Kwenye seva ya zamani inayoendesha Python 3.6, ng'ombe hapatikani hata mmoja, na hakuna kosa linaloripotiwa.

Nimechapisha ruwaza kwenye skrini zote mbili nikaziweka kando kwa kando. Kabla ya Python 3.7, `re.escape` ilikuwa inaweka mkwaju mbele ya karibu kila kitu kisicho herufi wala tarakimu, ritifaa ikiwemo. Kwa hiyo ilitoka `ng\'ombe`, na baada ya ubadilishaji ikawa:

```
ng\['’ʼ‘]ombe
```

Mkwaju uliokusudiwa kwa ritifaa umehamia kwenye mabano mraba yaliyochukua nafasi yake. Mabano yakazimwa, na injini inatafuta kwa uaminifu neno lenye mabano mraba na ritifaa nne ndani yake. Kuanzia 3.7 fanksheni hiyo haigusi tena alama zisizo na maana maalumu, ndiyo maana kwangu haikuonekana.

Ningeweza kupandisha toleo la Python na kuendelea, na nitalipandisha. Lakini mpangilio wenyewe ndio mbovu: stringi ikishazimwa isiguswe tena kwa `replace`, kwa sababu hujui mkwaju umekaa wapi. Njia iliyo salama ni kukata kwanza, kuzima vipande, kisha kuunganisha:

```python
import re

RITIFAA = "['\u2019\u02bc\u2018]"

def ruwaza_ya(neno, neno_zima=True):
    vipande = re.split(RITIFAA, neno)
    kiini = RITIFAA.join(re.escape(k) for k in vipande)
    if neno_zima:
        kiini = (r"(?<!\w)(?<!\w" + RITIFAA + ")"
                 + kiini
                 + "(?!" + RITIFAA + r"?\w)")
    return re.compile(kiini, re.IGNORECASE)
```

Kinachotoka kwa mtumiaji kinapita `re.escape` mara moja tu. Kinachotoka kwetu, yaani `RITIFAA` na mipaka, hakipiti kabisa. Ile mipaka imeongezewa ritifaa ili anayetafuta "ng" kama neno zima asiletewe ng'ombe, wala anayetafuta "ombe" asiletewe nusu yake ya nyuma. Neno lililowekwa ndani ya alama za kunukuu za 'namna hii' bado linapatikana, kwa sababu ritifaa ya mwisho haifuatwi na herufi.

Mwalimu amejaribu "kung'ata" na "king'ang'anizi" akaridhika.

Alhamisi

Orodha ya vifupisho. Tunayo faili ya JSON (namna ya kuhifadhi data kwa maandishi) inayoiambia programu kwamba nukta ya "n.k." au ya "Sh." si lazima iwe mwisho wa sentensi. Mtu aliyeianzisha aliandika ruwaza humo ndani badala ya vifupisho vyenyewe, na leo mchangiaji mmoja ameongeza mstari faili ikakataa kufunguka: "Invalid \escape".

JSON nayo ina sheria zake za mkwaju, na haijui kitu kuhusu rejeksi. Baada ya `\` inakubali alama chache tu: nukuu, mkwaju wa nyuma wenyewe, mkwaju wa kawaida, herufi b, f, n, r, t, na u yenye tarakimu nne za msimbo. `"\."` haimo, kwa hiyo faili nzima inakataliwa. Hilo ni jema. Baya ni kwamba `"\b"` imo, na maana yake kwa JSON ni herufi ya kurudi nyuma, ile yenye nambari 8. Mistari ya zamani iliyoandikwa `"\bSh"` ilikuwa inafunguka bila tatizo, na kwa muda wote huo ilikuwa ikitafuta herufi isiyoonekana ambayo haimo katika maandishi yoyote. Stringi za kawaida za Python zina mtego huohuo, ndiyo sababu ya kuandika `r"\b"` kwa stringi ghafi. Python yenyewe imezidi kuwa kali: mkwaju usiotambulika ndani ya stringi ya kawaida ulianza kutolewa onyo kwenye 3.6, na kuanzia 3.12 onyo hilo linaonekana kwa kila mtu.

Nimefikiria kurudufu mikwaju kwenye faili yote. Nimekataa. Wanaochangia orodha hii ni watu wa lugha, wana kila haki ya kuandika `"k.m."` na kueleweka. Sasa faili ina vifupisho vitupu, na programu ndiyo inayovijengea ruwaza kwa fanksheni ileile ya jana.

Ijumaa

Kivinjari. Matokeo yakifika, JavaScript inapaka rangi neno lililotafutwa. Seva ilikuwa ikituma ruwaza iliyozimwa na Python, na ukurasa ukiijengea `new RegExp(ruwaza, "giu")`. Neno moja moja linapakwa vizuri. Ukitafuta "mwana wa mfalme", ukurasa unaganda.

Python huzima nafasi pia, kwa sababu ina namna ya kuandika rejeksi ambamo nafasi hupuuzwa. Inatoka `mwana\ wa\ mfalme`. JavaScript ikiwa na bendera ya `u`, yaani chaguo la kufuata Unicode kwa ukali, inaruhusu mkwaju mbele ya alama za sarufi yake tu, pamoja na mkwaju wa kawaida. Mbele ya nafasi ni kosa la sintaksia. Bila `u` ingekubali. Kistari, `#`, `&` na `~` vina kisa hichohicho, na kistari tunacho kila mahali: "mwana-sesere", "e-", "-ntu".

Hili ndilo nililoliandika Jumanne, sasa kwa sura nyingine: stringi imezimwa kwa injini moja, ikapelekwa kwa nyingine. Njia ya kwanza iliyonijia ni kutuma neno ghafi na kuizimia hukohuko kwenye kivinjari. Toleo la 2025 la ECMAScript, kiwango rasmi cha JavaScript, limeleta `RegExp.escape`, na ni makini sana: hata herufi ya kwanza ya neno huiandika kwa msimbo, `k.m.` ikatoka `\x6b\.m\.`, ili isije ikaungana na kitu kilichoitangulia, mathalani `\1` ikifuatwa na tarakimu. Lakini wengi wa watumiaji wetu wana simu zisizo na toleo hilo. Hata utazamaji wa nyuma, ile `(?<!`, Safari iliupata mwaka 2023 tu. Na `\w` ya JavaScript ni ya herufi za ASCII peke yake, kwa hiyo mipaka ya maneno ingetofautiana na ya seva, mtu akaambiwa matokeo ishirini na kupakiwa rangi kumi na tisa.

Nimechagua njia nyingine: ruwaza isivuke kabisa. Seva imeshalipata neno, inajua lilipoanza na lilipoishia, basi inatuma vipande vitatu vya maandishi, cha kushoto, neno, na cha kulia. Kivinjari kinaviweka kwenye safu zake. Nilikaribia kutuma nambari za nafasi badala ya vipande, lakini Python huhesabu herufi za Unicode nzimanzima na JavaScript huhesabu vipande vya biti 16, na emoji nyingi huchukua viwili, kwa hiyo emoji moja tu katika sentensi ingesogeza rangi. Msimbo wa ukurasa umepungua na rejeksi imeondoka humo kabisa.

Jumamosi

Mambo madogo, kwa haraka.

Kwenye mstari wa amri wachangiaji walikuwa wakiandika `grep k.m.` na kushangaa. Nyaraka sasa zinasema `grep -F "k.m."`, `-F` huondoa rejeksi na kutafuta maandishi kama yalivyo. Nukuu ziwe za jozi, kwa kuwa 'ng'ombe' ndani ya nukuu za mojamoja huifanya gamba la amri lifunge nukuu kwenye ritifaa na kusubiri nyingine. Bei za mtindo wa "500/=" hazina shida Python, ila kwenye `sed`, amri ya kubadilisha maandishi, mkwaju wa kawaida `/` ndio mtenganishi; tumia `s|500/=|...|`.

Ubadilishaji una sheria tofauti na utafutaji. Fanksheni ya kusahihisha tahajia ilikuwa ikizima hata stringi mbadala kwa `re.escape`, na "n.k." ikaandikwa kwenye faili kama `n\.k\.`. Upande wa mbadala nukta haina maana yoyote, mkwaju ndio wenye maana. Mtu akiweka `D:\nakala` kama mbadala, `\n` inageuka mstari mpya. Nimetumia `lambda m: mbadala`, ambayo Python haiichambui.

Jumapili

Majaribio. Sitaki orodha ya mifano niliyokwisha kuiona, kwa sababu mifano hiyo ndiyo nimeshairekebisha. Nimeandika jaribio linalotunga maneno kwa bahati nasibu kutoka herufi za Kiswahili, nafasi, ritifaa zote nne na alama 32 za `string.punctuation`, kisha linaliingiza neno hilo ndani ya sentensi kati ya nafasi mbili na kudai mambo mawili: kitafutio kilipate, na kipande cha katikati kinachorudi kiwe neno lilelile, herufi kwa herufi. Jaribio linapita njia yote, kuanzia ombi la mtandao hadi jibu, si `ruwaza_ya` peke yake. Lilinasa mahali pamoja ambapo neno lilizimwa mara mbili, kwenye historia ya utafutaji: tulihifadhi ruwaza badala ya neno, na mtu akibofya utafutaji wake wa jana, `k\.m\.` inazimwa tena na kuwa `k\\\.m\\\.`, ambayo inatafuta mikwaju halisi. Historia sasa inahifadhi neno kama lilivyoandikwa. Rekodi za zamani nimeziacha zifutike zenyewe badala ya kujaribu kuzigeuza, kwa kuwa hakuna namna ya kujua ni zipi mtu aliandika mkwaju kwa kukusudia.

Kilichobaki ni ombi la Mwalimu, na ni la haki: anataka aandike `wa*ni` apate wazazini, wageni, wapinzani. Kinyota hicho kinagongana na kinyota cha `*-ntu`, ambacho leo kimeanza kufanya kazi. Ninaelekea kwenye kisanduku cha kuweka alama kilicho chini ya uwanja wa kutafutia, kikiwa kimezimwa kwa kawaida. Kikiwashwa, neno linakatwa kwenye vinyota, vipande vinazimwa kimoja kimoja, na kuunganishwa kwa `\w*`, kama tulivyofanya kwa ritifaa. Rejeksi kamili sitaifungulia umma. Tarehe 2 Julai 2019 ruwaza moja ilimaliza nguvu za seva za Cloudflare, kampuni inayolinda na kuharakisha tovuti, dunia nzima kwa dakika 27, na hiyo ilikuwa imeandikwa na wahandisi wake wenyewe. Wiki ijayo naanza na kisanduku, na kwanza naandika jaribio lake la "wa*ni".